Mkimbizi wa Kiarmenia aliyewatungia Waethiopia wimbo wa taifa

Haya ndugu zangu wa nyumbani, karibuni tena. Upepo unavuma, mkinisikia vibaya mnivumilie. Leo siwapeleki sokoni wala sipiki. Nawatembeza barabara moja tu, Churchill, kutoka hapa chini kwenye stesheni ya zamani ya reli, watu wa Addis wanaiita La Gare, mpaka juu kule Piassa. Kwenye ramani ni pafupi. Kwa mapafu ya mtu wa Tanga ni habari nyingine, maana mji huu uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari na barabara yenyewe ni kilima mtindo mmoja. Nikikata maneno katikati, jueni nahema.

Nataka kuwasimulia habari za mtu anaitwa Kevork Nalbandian. Najua hamjamsikia. Hata mimi nimeishi hapa muda mrefu napita mbele ya majengo yanayomhusu bila kujua. Huyu ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa uliopigwa hapa Ethiopia tangu Haile Selassie anavishwa taji mwaka 1930 hadi baada ya kupinduliwa. Na hakuwa Mhabeshi. Alikuwa Mwarmenia, mkimbizi, mtu ambaye dola aliyozaliwa ndani yake ilitaka kumfuta yeye na watu wake wote. Kwa hiyo taifa la Kiafrika lililompiga Mzungu pale Adwa mwaka 1896, lile ambalo babu zetu walikuwa wakilitaja kwa fahari, lilisimama wima kwa heshima likisikiliza muziki wa mtu asiye na nchi. Hebu litafuneni hilo wakati navuka barabara.

Sawa. Turudi nyuma.

Kevork alizaliwa 1887 Aintab, mji ambao leo unaitwa Gaziantep, kusini mwa Uturuki karibu na mpaka wa Syria. Enzi hizo ni Dola ya Osmani, na Aintab ilikuwa na Waarmenia wengi, wenye shule zao na makanisa yao. Mwaka 1915 serikali ikaanza kuwafagia. Tarehe 24 Aprili walikamatwa wasomi wa Kiarmenia mjini Constantinople, akiwemo padri Komitas, ambaye Waarmenia humhesabu kuwa baba wa muziki wao. Huyo alirudi hai, lakini akili haikurudi naye, akamalizia maisha hospitalini Ufaransa. Familia za kawaida zilitolewa majumbani zikaswagwa kwa miguu kuelekea jangwa la Syria. Makadirio ya waliokufa ni kati ya laki sita na milioni moja na nusu, na Uturuki mpaka leo inakataa kuyaita mauaji ya kimbari. Walionusurika wakatawanyika: Aleppo, Beirut, Cairo, Marseille, Boston. Na yatima walikuwa maelfu kwa maelfu.

Baadhi ya yatima hao walilelewa Yerusalemu, kwenye monasteri ya Waarmenia ya Mtakatifu Yakobo. Wavulana wakaundiwa bendi ya matarumbeta. Mwaka 1924 akapita mgeni: Ras Tafari, ambaye baadaye ndiye Haile Selassie, wakati huo mtawala msaidizi wa Ethiopia chini ya Malkia Zewditu. Naam, Tafari huyo huyo ambaye Wajamaika wamejiita Rasta kwa jina lake. Alikuwa safarini kuelekea Ulaya, Paris, London, Roma, na nchi yake ilikuwa imeingia Shirikisho la Mataifa mwaka mmoja tu kabla. Sasa haya ni maoni yangu mimi: mtu anayekwenda kukaribishwa na wafalme, kila anaposhuka anapigiwa bendi, lazima ajiulize, hawa wakija kwangu nitawapigia nini?

Akawasikia wale wavulana, akawapenda, akamwomba Patriaki, mkuu wa kanisa la Waarmenia pale, amruhusu awachukue. Vijana 40. Hapa Addis wanajulikana mpaka leo kama Arba Lijoch, yaani watoto arobaini. Mwalimu wao wa muziki na kiongozi wa bendi, Kevork Nalbandian.

Mtu atauliza, Patriaki anatoaje watoto arobaini kwa mtawala wa nchi ya mbali? Kumbukeni hayo ni makanisa ndugu. Waarmenia na Waethiopia wote waliukataa mtaguso wa Kalkedoni, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, na pale Yerusalemu walikuwa majirani wa karne nyingi. Halafu tusijifanye hatujui: ukiwa na nyumba imejaa yatima na akaja mtu wa heshima anaahidi mshahara na makazi, utafanyaje?

Wakaingia Addis tarehe 6 Septemba 1924, siku chache kabla ya mwaka mpya wa Kiethiopia. Siku zile njia ya kuingilia mji huu ukitoka nje ilikuwa reli ya Djibouti, iliyofika hapa 1917. Ndiyo sababu nimeanzia stesheni, ingawa jengo hili mnaloliona nyuma yangu ni la baadaye kidogo, la 1929. Ngoja nigeuze kamera... hapana, yule askari ananiangalia vibaya. Twende.

(Hapa kilima kimeanza. Subirini.)

Matarumbeta yenyewe hayakuwa mageni kabisa. Baada ya Adwa, mfalme wa Urusi alimletea Menelik, mfalme wa Ethiopia wakati ule, vyombo vya kupuliza. Lakini wale Waarmenia arobaini ndio waliokuwa bendi rasmi ya kwanza ya serikali, watu waliojua kusoma noti na kupiga kwa mpangilio. Na kuna jambo ambalo nimelielewa baada ya kukaa hapa. Zamani mwanamuziki wa Kihabeshi, azmari, yule wa masinko, fidla ya uzi mmoja, anayekusifu na kukusuta kwenye kileo, alipendwa sana na kuheshimiwa kidogo. Mtoto wa nyumba kubwa asingetumwa akajifunze kupuliza tarumbeta. Nadhani hiyo nayo ilimrahisishia Tafari kuleta yatima wa kigeni: hawakuwa na ukoo hapa wa kulalamika.

Mwaka 1926 Kevork akatunga machi, yaani muziki wa gwaride, akaiandika kwa heshima ya Tafari. Maneno yaliwekwa na Yoftahe Nigusse, mwalimu na mwandishi wa tamthilia. Inaitwa "Ethiopia hoy, des yibelish", yaani Ethiopia, furahi. Itafuteni mtandaoni mkiimaliza video hii. Mtasikia machi ya Ulaya kabisa, miguu inaitaka lami. Tarehe 2 Novemba 1930 Tafari akavikwa taji kama Haile Selassie katika kanisa kuu la Mtakatifu George, lile lililo juu kule ninakoelekea, mwana wa mfalme wa Uingereza akiwa miongoni mwa wageni, na huo ukawa wimbo wa taifa.

Nilipomsimulia rafiki yangu wa Dar kwenye simu akacheka: yaani hawa na ujeuri wao wote wameazima wimbo? Nikamwambia nyamaza. Huo wa kwetu ametunga nani? Enoch Sontonga, Mxhosa, mwalimu na kiongozi wa kwaya kule Johannesburg, mwaka 1897, hakuwahi kutia mguu Tanganyika. Tumeuimba tangu uhuru na hakuna aliyepungukiwa Utanzania. Wakenya ndio wanaweza kujidai kidogo, wao wimbo wao umetoka kwenye bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana.

Haya, hili jengo kushoto kwangu ni Jumba la Maigizo la Taifa, na yule pale ni simba wa mawe, kazi ya Mfaransa Maurice Calka. Jumba lilifunguliwa 1955 kwa sherehe ya miaka 25 ya utawala wa Haile Selassie, likaitwa kwa jina lake. Hapa simulizi inahamia kwa mpwa wa Kevork, Nerses Nalbandian. Na niseme wazi, mimi kati ya wawili hao namhusudu huyu zaidi, ingawa mjomba ndiye mwenye wimbo.

Nerses alizaliwa Aintab mwaka ule ule wa 1915. Fikiria kuzaliwa mwaka huo, mji huo. Akakulia Aleppo, akamfuata mjomba wake Addis mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati Waitalia wameikalia nchi na Haile Selassie yuko uhamishoni Uingereza, mjini Bath. Mfalme akarudi 1941, na baada ya hapo kila taasisi ikataka bendi: manispaa, polisi, walinzi wa mfalme. Nerses akawa mwalimu, mpangaji wa muziki, kiongozi. Kwenye jumba hili okestra ilitangulia kuongozwa na Mwaustria, Franz Zelwecker, kisha ikaja mikononi mwake.

Alichokifanya nataka mkielewe, maana si kazi ya kufundisha noti tu. Muziki wa Kihabeshi unatembea juu ya ngazi za sauti tano tano. Nne ndizo maarufu: tezeta, bati, ambassel na anchihoye. Muziki wa bendi za Kizungu una sauti saba, na saksafoni, trombone na tarumbeta huwekwa zipige kwa pamoja sauti tofauti zinazolingana. Sasa ukichukua anchihoye, ambayo sauti zake zimebanana huku na kuachana kule, ukaitilia chini yake sauti za Kizungu hovyo hovyo, ladha yote inaondoka, kama pweza aliyechemshwa kwa haraka. Nerses alikaa akazitafutia ngazi hizo sauti za kuzisindikiza bila kuzivunja. Bendi nzima ya vyombo vya Kizungu inapiga, na bibi wa Gondar akisikia anajua hiki ni chetu.

Mnamjua Mulatu Astatke, baba wa Ethio-jazz, wengi mmeniambia mnamsikiliza. Mulatu alisoma Uingereza na Marekani, ana ubunifu wake na simpunguzii kitu. Ila aliporudi nyumbani alikuta wanamuziki wenye mazoea ya kupiga muziki wa Kihabeshi kwa saksafoni na kusoma karatasi. Hao hawakuota kama uyoga. Kuna okestra ya Boston, Either/Orchestra, imezifufua kazi za Nerses ikazipiga upya. Mzisikilize hizo kwanza, halafu mumrudie Mulatu.

Kevork alifariki hapa Addis 1963. Ni mwaka ambao Mei yake Nkrumah, Nyerere na wenzao walikutana kwenye mji huu wakaunda OAU, umoja wa nchi huru za Afrika. Nchi mwenyeji, wimbo wake wa taifa ulikuwa wa Kevork. Sitawadanganya kwamba Mwalimu aliwahi kuuliza umetungwa na nani.

Mfalme akaangushwa Septemba 1974. Mwaka uliofuata Derg, wale wanajeshi waliompindua, wakaweka wimbo mwingine, na 1992 ukaja huu wa sasa, yote miwili imetungwa na Waethiopia wenyewe. Derg hao hao wakataifisha nyumba na biashara, na Waarmenia wakaanza tena kufunga mizigo. Wakati wa kilele walikuwa zaidi ya elfu moja hapa. Leo hawafiki mia. Nerses hakuondoka. Alikufa hapa mwaka 1977.

Nimefika Piassa, miguu sio yangu. Sehemu kubwa ya mtaa huu imebomolewa mwaka 2024 kupisha barabara pana na majengo mapya, kwa hiyo mkiniona nashangaa ni kwa sababu nilikuwa na duka langu la keki pale na sasa kuna maua. Kanisa la Waarmenia bado lipo, ni hilo dogo la mawe, nalo ni la Mtakatifu George, ambaye kwa Kiarmenia ndiye Kevork. Geti limefungwa leo. Nimeambiwa nijaribu Jumapili, na kamera niiombee ruhusa kwanza.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa Shule ya Muziki ya Yared, ambayo Nerses ni mmoja wa waliohangaika mpaka ikasimama. Nimempata mwanafunzi wa masinko aliyekubali kunipigia zile ngazi nne moja baada ya nyingine, msikie wenyewe anchihoye inavyobana. Kama kuna mtu anataka nimuulize swali, atume mapema, huku mtandao ni wa kubahatisha.