Konsuli Aliyeishi kwa Mali ya Mrima

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Wanaonijua wameshajua nitasema nini leo, maana maneno haya nimeyasema hadi misibani. Lakini nitafanyaje? Kila ninapokutana na habari za ubalozi mdogo wa Marekani kule Unguja, hadithi ni ileile: Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, katia saini mkataba na Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, huko Maskati mwaka 1833, Richard Waters wa Salem, mji wa bandari kule Massachusetts, Marekani, kashuka Unguja mwaka 1837 kuwa konsuli wa kwanza, bendera ikapanda, kwisha. Bagamoyo yetu hii haimo. Mrima mzima, yaani pwani hii ya bara inayoikabili Unguja, haumo.

Haya, huyo Waters alikuwa anakula nini? Serikali yake haikumpa mshahara. Zama zile konsuli wa Marekani alikuwa mfanyabiashara tu aliyekabidhiwa mhuri na bendera. Asubuhi anaandika barua ya Washington, mchana anapimisha pembe. Ukitaka kuujua ubalozi ule, achana na mhuri, ingia ghalani.

Ghalani mlikuwa na pembe za ndovu zilizoteremka na misafara, mlikuwa na ngozi, na mlikuwa na sandarusi. Hii sandarusi niacheni niiseme kidogo.

Ni utomvu wa miti ya kale uliofukiwa ardhini hata mti wenyewe ukasahauliwa. Wazaramo, hapa hapa nyuma yetu, walikuwa wanaichimba mvua zikishalainisha udongo. Mtu na kijembe chake, anafukua kishimo, akipata bonge anatia kapuni, asipopata anasogea hatua mbili anafukua kingine. Bonge likisuguliwa udongo, juu lina vipelevipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ndani ni rangi ya asali, na pengine utamkuta mdudu kanasa humo, miguu yote anayo. Linaletwa pwani, Mhindi analinunua kwa nguo, linapanda jahazi mpaka forodhani Unguja kwa Jairam Shivji, yule aliyekodi ushuru wa forodha wa Sayyid, yaani anamlipa Sayyid, kisha anautoza yeye. Kwa Jairam linafika kwa Waters, kwa Waters linafika Salem, kiwandani kwa Jonathan Whipple, linasafishwa mpaka vile vipele vinatoka, linakwenda kuwa vanishi ya samani na magari ya farasi ya matajiri. Meli ikirudi inaleta merikani, nguo ya pamba ya Kimarekani ambayo kutoka hapa hadi Ujiji ilikuwa ndiyo fedha. Mtu aliyeinama kwenye kile kishimo ndiye aliyekuwa akimlisha konsuli. Nani kamwandika?

Najua kuna kijana ataniambia: "Mzee, kama alizitaka mali zetu, mbona hakuja kununua hapa mwenyewe?" Angekujaje? Kwenye karatasi Wamarekani walifunguliwa bandari za Sayyid kwa ushuru wa asilimia 5, basi. Kwa vitendo Mrima ulikuwa wa Sayyid. Waingereza walipopata mkataba wao mwaka 1839, neno likaandikwa waziwazi: pembe na sandarusi kuanzia Mtangata, pale kusini ya Tanga, mpaka Kilwa, mgeni asiguse. Halafu mtu anasimama kuniambia Sayyid alikuwa akiwapigia magoti Wazungu kila jambo! Mali iliyotakiwa kuliko zote aliifungia mlango, funguo akaziweka mfukoni.

Wala msimwonee huruma Waters. Yeye alishapatana na Jairam, mzigo ukawa unamjia mlangoni, wafanyabiashara wa Kiingereza wakabaki kulalamika kwamba wanabaniwa. Mlango ule uliofungwa ulimfaa vizuri tu. Alikuwa mcha Mungu, utumwa ulimkera, ameandika hivyo mwenyewe katika shajara yake. Biashara nayo iliendelea. Na kabla hamjaruka: si kila pembe ilibebwa na mtumwa. Wanyamwezi walishuka hapa Bagamoyo kwa maelfu, wapagazi wa ujira, tena wa kubishana ujira. Hiyo nayo hamtaisikia historia ikiandikwa ya Unguja peke yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona, mwenyekiti.

Basi upesi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliifanya merikani iadimike, nguo za Uingereza na za Bombay zikakaa mahali pake. Mwaka 1871 konsuli wa Marekani Francis Webb alimpokea Stanley, yule mwandishi wa gazeti, nyumbani kwake Unguja, Stanley akavuka kuja kufunga mizigo hapa na kwenda kumtafuta mmisionari Livingstone huko bara. Hiyo watalii wanasimuliwa kila siku, mimi simo. Ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, mwanadiplomasia wa Marekani Picard kufukuzwa, kisha mwenzake Carlucci naye mwaka uliofuata kwa maneno ya kwenye simu, ni matamu kweli lakini yanataka siku yake.

Barua na shajara za Waters zimehifadhiwa Massachusetts. Waliozisoma wengi walikuwa wanaitafuta Unguja, au Salem. Namtaka mmoja wenu, mtoto wa hapa, akazisome akiitafuta sandarusi: iliuzwa kiasi gani, ilitoka kijiji gani, nani aliileta. Atakayekuwa tayari anione nje, barua ya kumtambulisha nitamwandikia leo leo.

Haya, maswali. La Stanley silipokei.