Kabla ya Gati: Hamali, Mashua na Misimu katika Bandari ya Unguja

HAJI: Leo tuko Unguja, kati ya 1870 na 1900. Na tuanze na kitu ambacho hakikuwapo, Bi Salma, maana wengi hudhani kilikuwapo.

SALMA: Gati. Bandari iliyokuwa soko kubwa la karafuu na pembe za ndovu upande huu wa bahari haikuwa na gati la kufunga meli kubwa. Meli inatia nanga mbele ya mji, shehena inateremshwa kwenye mashua, mashua inakwama mchangani mbele ya forodha, halafu ni mabega ya watu.

HAJI: Kwa hiyo saa ya kazi inapangwa na maji.

SALMA: Yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Ukichelewa kupakua, mashua inabaki kavu na mzigo ndani, na hamali watavuka matope na mpiko begani. Hapo ndipo magunia yanaloa.

HAJI: Wasikilizaji wetu wa bara huenda hawaujui mpiko.

SALMA: Ni mti mnene. Mzigo unaning'inizwa katikati kwa kamba, mmoja anashika mbele na mwenzake nyuma. Mzigo mzito sana unachukua mipiko miwili, watu wanne. Ufunguo ni hatua: wasipokanyaga pamoja mzigo unaanza kubembea, na ukishabembea unamvuta wa nyuma ukutani. Ndiyo maana wanaimba. Mmoja anatoa, wengine wanaitikia, na mguu unafuata.

HAJI: Na vichochoro vyenyewe vya Mji Mkongwe! Mkokoteni utapita wapi?

SALMA: Hapa na pale, si kwingi. Mpiko unakata kona. Utasikia "Simile! Simile!" na wewe uliye njiani unaruka juu ya baraza. Zile baraza za mawe hazikuwa za kupiga soga tu. Mvua ya masika ikigeuza njia kuwa mto, watu wanapita juu yake.

HAJI: Tupige hesabu ya uzito. Kipimo ni frasila, pauni 35, karibu kilo 16. Mpagazi wa msafara wa bara alibeba kama frasila mbili, na njia yake ni ya miezi. Hamali wa mjini njia yake ni dakika chache, basi wawili wenye mpiko huongezewa mpaka mti upinde.

SALMA: Na tusiwasahau waliokuwa chini ya huo mti. Mkataba wa Juni 1873 ulifunga soko la watumwa la Mkunazini na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Utumwa wenyewe ulibaki halali Unguja na Pemba hadi 1897. Hamali wengi wa miaka ile walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku. Jioni sehemu ya ujira, mara nyingi nusu, inakwenda kwa bwana.

HAJI: Wengine walikuwa Washihiri kutoka Hadhramaut, kusini mwa Arabuni, watu huru, waliokuja kuchukua mizigo na kuuza kahawa. Sasa tuingie forodhani.

SALMA: Forodha ilikodishwa. Sultani anapokea kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, aliyeikodi anatoza ushuru na kinachozidi ni chake. Kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na mwaka 1876 akaichukua mfanyabiashara Taria Topan. Bidhaa za kigeni zilitozwa asilimia 5 kwa mujibu wa mikataba. Kwa hiyo karani wa mizani ana sababu ya kukaza macho, maana kila frasila inayompita ni hasara ya tajiri wake.

HAJI: Na watu walijaribu kumpita.

SALMA: Karafuu ikikauka hupoteza kama theluthi mbili za uzito wake. Mwenye haraka anaianika siku mbili badala ya nne au tano, ili maji yapimwe kwa bei ya karafuu. Mnunuzi anaivunja kwa kidole: kavu inakatika kwa mlio, mbichi inapinda. Mbichi ikirundikwa ghalani inapata joto, inachacha, rangi inapauka, na mafuta yake yanapungua. Mtu mmoja aliyedanganya anaharibu rundo zima.

HAJI: Na nyingi ilitoka Pemba.

SALMA: Baada ya kimbunga cha Aprili 1872, ndiyo. Kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikaponea. Tangu hapo mashua za Pemba zikawa nyingi zaidi pale ufukoni.

HAJI: Pembe je?

SALMA: Adui wa pembe ni jua. Ikikauka upesi inapasuka kwa urefu, na viwanda vya Connecticut vinavyotengeneza vibao vya piano havitaki ufa. Basi inafunikwa njiani na kuwekwa penye giza. Mnunuzi anaingiza mkono kwenye tundu la pembe, maana wapo waliojaza risasi au mawe ili kuongeza uzito.

HAJI: Tuhamie Malindi na Funguni, mitaa ya mji huuhuu, kwa mabaharia.

SALMA: Huko kalenda ni ya pepo. Kaskazi inaanza kama Desemba, inaleta vyombo vya Kachchh ya Bara Hindi, Arabuni na Ghuba: tende, chumvi, samli, papa mkavu. Hadi Machi Malindi imefurika. Bei ya chakula inapanda, ugomvi unazidi, na wazazi wanawafungia watoto ndani, kwa sababu wapo mabaharia waliowaiba na kwenda kuwauza.

HAJI: Hofu hiyo ilikuwa ya kweli kabisa. Na kabla ya kurudi, chombo kinatengenezwa.

SALMA: Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Unasubiri bamvua, unaingiza chombo kwenye hori la Funguni maji yakiwa juu kabisa, unakitilia magadi, yaani miti ya kukiegemeza, pande zote mbili kisilale. Maji yakipwa, mafundi wana saa chache tu. Kwanza wanakwangua, kisha wanapitisha moto wa makuti chini ya tumbo kuua wadudu wanaotoboa mbao. Moto ukikaa mahali pamoja, ubao unaungua, kwa hiyo unatembezwa. Halafu kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inapigwa kwenye viungo kwa patasi na nyundo. Ikilegea, inatoka baharini. Ikipigwa kupita kiasi, inatanua mbao. Mwisho ni shahamu iliyochanganywa na chokaa, inapakwa kwa mikono chini ya mstari wa maji. Juu ya mstari huo ni sifa, mafuta ya papa, na harufu yake unaijua mwenyewe.

HAJI: Naijua! Na ukikosa bamvua?

SALMA: Wiki mbili unangoja nyingine. Na Aprili kusi, upepo wa kusini wa kurudia kwao, linaingia. Nahodha anayeondoka mwanzoni anafika salama. Akichelewa hadi Juni, kusi limekuwa kali na pwani za Arabuni na Kachchh hazikaribiki mpaka Agosti. Kuchelewa kwa wiki mbili kunaweza kugeuka miezi mitatu ya kulisha mabaharia bure.

HAJI: Maji ya kunywa. Kwa ufupi.

SALMA: Visima vya mjini vilikuwa karibu na makaro, na maji yake ya chumvichumvi. Meli zilijaza mapipa Mtoni, kaskazini ya mji. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu. Sultani Sayyid Barghash alipoleta maji ya chemchemi kwa mifereji katika miaka ya 1880, watu wakayateka bila malipo.

HAJI: Na meli za moshi?

SALMA: Huduma ya barua ya kampuni ya British India ilianza 1872. Meli hizo hazingoji kaskazi, kwa hiyo kazi ya hamali, iliyokuwa ya msimu, ikaenea mwaka mzima, na makaa ya mawe yakaongezeka kwenye mizigo yao. Ila zilitia nanga palepale mbele ya mji, na makaa yakashuka kwenye mashua kama tende. Mwaka 1892 ikatangazwa bandari huru, ushuru ukaondolewa kwa bidhaa nyingi, na bado kila gunia lilishuka kwa mpiko. Gati la kina kirefu lilisubiri karne iliyofuata.