Maji ya Paani Yabaki Uani

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema mara nyingi hapa Mbeya, na wapo humu ndani wanaoijua hesabu yangu kwa moyo, watanivumilia. Paa la bati lenye mita 100 za mraba, likinyeshewa milimita 30, mvua ambayo kwetu kati ya Novemba na Aprili haimshangazi mtu, linamwaga lita 3,000, yaani mapipa 15 yale ya lita 200. Tunayapeleka wapi? Ua tumeusakafia saruji hadi ukutani, na chini ya ukuta tumetoboa tundu ili maji yamtokee jirani. Hata mimi nilikuwa na tundu hilo, mpaka mama wa nyumba ya chini aliponiita, akanionyesha matofali ya msingi wa jiko lake yakining'inia, udongo wa chini umeshakwenda. Sikuwa na la kujibu. Nilirudi nikachukua jembe.

Nilichochimba ndiyo bustani ya mvua: bonde dogo lenye kina cha sentimita 20, mita 3 au zaidi kutoka msingi wa nyumba, upande wa mteremko, ambalo hupokea maji ya gata baada ya kupita kwenye mawe ya kuyapunguzia kasi. Naona tayari kuna mkono wa kuuliza habari za mbu. Yai la mbu huhitaji takriban wiki nzima majini hadi mbu aruke, ilhali bonde lililochimbwa vizuri hukauka ndani ya siku mbili. Chimba kwanza shimo la majaribio, ulijaze maji. Yakiwa bado yapo siku ya tatu, hamia kwingine. Na tairi bovu lililo nyuma ya nyumba yako, hilo huliogopi?

Kuhusu mimea ya kupanda bondeni humo nitasema kidogo. Anayemwagilia ukoka kila jioni kiangazi apande hadi Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ayaone (asiyang'oe!) maua yanayostawi bila mpira wa maji. Mikaratusi isisogee karibu na bonde.

Paa la kijani, yaani lenye udongo na mimea inayoota juu yake, nalo si ugeni: Wahehe walijenga tembe zenye paa bapa la udongo. Lakini udongo wa sentimita 10 ukilowa huweza kuzidi kilo 150 kwa mita ya mraba, na kenchi za bati hazikupigwa kwa mzigo huo. Hilo ni la wenye paa la zege, tena baada ya kumwita mhandisi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Jembe la jaribio liko pale mlangoni.