Bibi Anaingia Wapi Kwenye Marejeo?

ZUHURA: Haya, taa imewaka, tunarekodi. Hamjambo wasikilizaji wetu. Kaka Omari, leo nimekuja na sura yangu ya pili, na wino mwekundu umeijaa.

OMARI: Pole, dada. Imerudi lini?

ZUHURA: Jumanne. Mnaotusikiliza kila wiki mnajua tasnifu yangu ni ya msamiati wa ususi wa mikeka. Sasa kwenye marejeo nilimweka bibi yangu mzaa mama. Ndiye aliyenieleza tofauti ya ukindu na miyaa, majani ya kususia, na ukili, ule utepe wa msuko, unavyoanzwa, unavyoshonwa mpaka ukawa mkeka. Msimamizi wangu kamkata kwa mstari mmoja. Pembeni kaandika: "Jina la ukoo?" Chini yake: "Mtoe."

OMARI: Na bibi ana jina la ukoo?

ZUHURA: Hana, kaka! Kijijini anaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Fulani. Kwenye kitambulisho yapo majina matatu: lake, la baba yake, la babu yake. La ukoo lipo wapi hapo?

OMARI: Hilo limenisumbua miaka yote ya kuhariri vitabu. Mfumo wa APA, ule wa kuandika marejeo, unataka jina la mwisho litangulie, mengine yabaki herufi. Kwetu pwani la mwisho mara nyingi ni la baba au la babu. Chukua waandishi wa Zanzibar. Mohamed Said Abdulla anageuka Abdulla, M. S. Said Ahmed Mohamed anakuwa Mohamed, S. A. Halafu Mohamed Suleiman Mohamed anakuwa Mohamed, M. S.

ZUHURA: Wewe Mohamed wa mwanzo umempoteza kabisa, kawa Abdulla.

OMARI: Na aliyeanza na Said ndiye kawa Mohamed. Ndiyo maana nawaomba wanafunzi: ukiwa na akina Mohamed wawili, ndani ya matini usiandike "Mohamed" peke yake. Andika S. A. Mohamed, andika M. S. Mohamed, hata kama mwaka ni tofauti. APA yenyewe inadai hivyo. La sivyo msomaji atadhani ni mtu mmoja.

ZUHURA: Mwenzangu darasani aliandika "Robert" tu, akiulizwa Robert gani, kumbe Shaaban Robert! Kafuata kanuni barabara, lakini nani Afrika Mashariki anamwita Robert?

OMARI: Hakuna. Lakini kwenye orodha lazima akae kwenye R, kwa sababu katalogi za maktaba zimemweka huko. Ukimweka kwenye S, anayemtafuta hatamwona.

ZUHURA: Mbona Aislandi wameweza? Kule nako jina la pili ni la mzazi tu, na kitabu chao cha simu kilikuwa kimepangwa kwa jina la kwanza. Hawakusubiri ruhusa ya mtu.

OMARI: Kweli. Na wewe ungeandikwaje?

ZUHURA: Zuhura, kwa Z. Baba yangu hajaandika tasnifu hii.

OMARI: (anacheka) Dada, tulipanga mambo matatu leo. Nukuu ndefu, DOI, yaani namba ya kudumu ya chapisho mtandaoni, na lini useme "na wenzake".

ZUHURA: Tutafika. Niambie kwanza bibi anaingia wapi.

OMARI: Ndani ya matini. Unaandika jina lake, "mawasiliano binafsi", na tarehe mliyozungumza. Kwenye orodha haingii. Hapo msimamizi wako nakubaliana naye.

ZUHURA: Kwa nini?

OMARI: Orodha ya marejeo ni njia ya msomaji kurudi ulikopita. Kitabu atakifungua ukurasa uleule, aseme Zuhura kanukuu vibaya. Bibi atamfungua wapi?

ZUHURA: Afunge safari, aende kijijini. Sikiliza. Kesho aje mtafiti, akae na bibi siku mbili, achape kitabu. Mimi nikinukuu kitabu kile, mtafiti anaingia kwenye orodha. Bibi aliyemwambia yote haingii. Maneno ni yaleyale!

OMARI: Kitabu kinaweza kubishiwa.

ZUHURA: Bibi yangu anabishiwa kila siku na wasusi wenzake, na anajibu.

OMARI: Basi mrekodi, uweke kanda kwenye hifadhi ya maktaba. Ikishakuwa na namba, inaingia kwenye orodha bila ugomvi.

ZUHURA: Hataki sauti yake ikae mahali asipopajua. Nimlazimishe?

OMARI: Hapana. Lakini hapo orodha haiwezi kumbeba.

ZUHURA: Kanada imewabeba. Mwaka 2021 Lorisia MacLeod, mkutubi wa jamii ya Cree, alitoa mfano wa kuwaandika wazee wa jamii za asili ndani ya orodha: jina, jamii yake, anakoishi, mada ya mafundisho, tarehe. Alisema wao ni zaidi ya "mawasiliano binafsi".

OMARI: Nauheshimu mfano ule, na kwa wao una maana. Ila mtahini wako atauliza swali lilelile: nithibitishe vipi?

ZUHURA: Madrasa ulisoma, kaka. Hadithi ya Mtume inapokewaje? Fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Watu hao hawana ukurasa.

OMARI: Lakini wanazuoni walimchunguza kila mpokezi, tabia yake, kumbukumbu yake. Bibi yako nani kamchunguza?

ZUHURA: Mikeka yake.

OMARI: Hapo sikubali.

ZUHURA: Nami sikubali.

OMARI: Umemwambia mwenyewe?

ZUHURA: Nilimpigia jana usiku. Kuondolewa hakukumsumbua. Akaniuliza: "Na somo yangu aliyenifundisha kusuka, umemwandika?"

OMARI: Yu hai?

ZUHURA: Alishafariki, mimi sijazaliwa.

OMARI: Huyo ndiyo kabisa msomaji hatamfikia.

ZUHURA: Na bibi hakubali aandikwe yeye, huyo aachwe. Kanitajia jina mara mbili, akanifanya nirudie.

OMARI: Mweke kwenye shukrani.

ZUHURA: Shukrani anawekwa aliyenikopesha kompyuta.

OMARI: Dada, wenye studio wanagonga mlango. Nukuu ndefu hatujaigusa, DOI hatujaigusa.

ZUHURA: Maneno 40 na zaidi yanaingizwa ndani bila alama za nukuu. Hayo mengine wiki ijayo, inshallah.

OMARI: Na msimamizi unamwona lini?

ZUHURA: Jumatano saa nne. Majina nimeyarudisha yote mawili.