Namba za katiba ya kikundi zisivurugike: listi ndani ya listi kwenye Word

Niaje wakuu, karibuni tena. Leo tuko kwenye Word na tunashughulika na zile namba za listi ndani ya listi, yaani 1 halafu 1.1 halafu (a) halafu (i), zile ambazo ukiongeza mstari mmoja katikati inabidi ukae chini uanze kurekebisha namba moja moja mpaka ukurasa wa mwisho.

Mfano wetu ni katiba ya kikundi, maana kwa huku Mwanza hiyo ni kazi inayoingia sana steshenari. Kina mama wa dagaa pale Kirumba Mwaloni wanataka kusajili kikundi ili waombe ule mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na hapo katiba lazima iwepo. Katibu wao anaichapa kwenye simu, anaituma WhatsApp, wewe unaipesti kwenye Word na inakuja na namba zake vizuri tu, kumbe ni maandishi kama maandishi mengine, Word haijui kama hizo ni namba. Sasa afisa maendeleo ya jamii akisema ongezeni kipengele cha faini kabla ya kile cha mikopo, kazi unayo.

Kwa hiyo kwanza tunaziondoa. Shika Alt kwenye kibodi, usiiachie, halafu buruta mausi kutoka juu kwenda chini ukipita kwenye namba tu. Mmeona? Inachagua wima, namba peke yake, maneno yamebaki. Bonyeza Delete. Ila kipengele kirefu kilichoshuka mstari wa pili kitakatwa herufi za mwanzo wa huo mstari wa pili, kwa hiyo hivyo viruke, vitoe namba kimoja kimoja kwa kawaida.

Haya. Weka kasa, kile kimstari kinachopepesa unapochapa, kwenye kichwa cha kwanza, kile cha "Jina la Kikundi", nenda Home. Sehemu ya Paragraph juu pale kuna vitufe vitatu vya listi vimepangana, cha kwanza vidoti, cha pili namba, cha tatu kina vimistari vimeshuka kama ngazi. Tunataka cha tatu, Multilevel List. Watu wengi wanakomaa na cha pili miaka yote halafu wanasema Word mbovu. Bonyeza kishale chake, shuka chini, chagua Define New Multilevel List. Likifunguka dirisha, kuna kitufe More kwenye kona ya chini kushoto, kibonyeze, bila hicho nusu ya vitu vimefichwa.

Kushoto mnaona 1 mpaka 9, hizo ndo levo. Katiba nyingi haziendi zaidi ya nne. Anza na levo ya 1. Kwenye kiboksi cha Enter formatting for number kuna 1 yenye kivuli cha kijivu, na bano mbele yake. Bano futa, kisha kabla ya hiyo 1 andika IBARA YA na uache nafasi. Hiyo 1 ya kijivu usiiguse, ndo inayojihesabu yenyewe. Halafu upande wa kulia, Link level to style, chagua Heading 1. Staili ni mwonekano wa maandishi uliopewa jina, na hii Heading 1 ni ya vichwa vikubwa. Hapa watu wanaruka, na ndo hapa listi inapokuja kuvurugika baadaye, kwa sababu namba isiyofungwa kwenye staili ukikopi na kupesti kutoka faili lingine inaweza kuanza kujihesabu upya bila kukuuliza.

Levo ya 2. Bonyeza 2 kule kushoto, futa kila kilichomo kwenye kiboksi. Sasa taratibu. Tunataka 1.1, lakini usiandike hiyo 1 ya mbele kwa kidole. Nenda Include level number from, chagua Level 1, inaingia yenyewe ikiwa na kijivu. Andika nukta. Kisha Number style for this level, chagua ile ya 1, 2, 3. Zote mbili ziwe za kijivu, nukta peke yake ndo nyeupe. Ukiiandika kwa kidole itabaki 1 milele, utafika Ibara ya 7 ndani yake unakuta 1.1, 1.2, 1.3 na utatafuta mchawi. Ifunge na Heading 2.

Na kama wenyewe wanataka IBARA YA I kwa Kirumi, haina shida, ila levo ya 2 itatoka I.1, kwa hiyo ukiwa kwenye levo ya 2 tiki Legal style numbering, inarudi 1.1.

Levo ya 3 badilisha staili ya namba iwe a, b, c, weka bano huku na huku, funga na Heading 3. Ya 4 ni i, ii, iii na Heading 4, vilevile. OK.

Hizo Heading zinakuja na rangi ya bluu na fonti za ajabu, usiogope, bonyeza kulia kwenye jina la staili kule juu, Modify, weka nyeusi na fonti unayotaka, zote zinabadilika kwa mpigo.

Sasa kuzipaka kwenye maandishi ni fasta. Kasa kwenye kichwa cha ibara, Ctrl+Alt+1. Kipengele, Ctrl+Alt+2. Kijikipengele, Ctrl+Alt+3. Kushusha levo ni Tab mwanzoni mwa mstari, kupandisha ni Shift+Tab, ila ndani ya jedwali Tab inakurusha chumba kingine, huko tumia Alt+Shift na mshale wa kulia au kushoto. Ukitaka mstari mpya bila namba mpya, Shift+Enter.

Turudi kwa afisa wetu na faini zake. Kasa kwenye kipengele cha faini, Alt+Shift na mshale wa juu, juu, juu, tazama namba zinavyojipanga huku nyuma. Raha.

Lakini kuna sehemu moja bado, kule chini katiba inasema "kwa mujibu wa kipengele cha 5.2" na hiyo 5.2 sasa hivi imeshakuwa 5.3. Ifute. Nenda References, Cross-reference, aina iwe Numbered item, vipengele vyote vinajitokeza, chagua unachotaka, na kwenye Insert reference to weka Paragraph number, ile iliyoandikwa no context mbele yake. Insert. Kuanzia hapo ukimaliza kuhamisha vitu unapiga Ctrl+A halafu F9, kwenye laptopu nyingine ni Fn na F9, zote zinajisahihisha. Ukiona imetokea Error! Reference source not found ujue umefuta kipengele ambacho sehemu nyingine inakitaja, na afadhali uione wewe kuliko aione mwenyekiti ameshasaini.

Wa Google Docs, Ctrl+Shift+7 inawasha namba, Tab na Shift+Tab ni zilezile. LibreOffice ni F12. Na nyie wanachuo wa SAUT kule Malimbe mnaoandika ripoti, hatua ni hizihizi, pale kwenye IBARA YA andikeni SURA YA.

Mwisho futa maneno yote, acha ibara moja ya mfano, Save As, aina ya faili chagua Word Template. Kikundi kijacho kikija na katiba unafungua hiyo, unapesti maneno, unapaka staili.