Anwani 876 na Kompyuta Moja ya Vermont

Yaliyotokea Marekani mwaka 2016 mnayajua, siyarudii. Barua pepe za chama cha Democratic ziliibwa, tovuti ya kufichua siri ya WikiLeaks ikazimwaga hadharani, serikali ya Obama ikasema mwizi ni Urusi. Mimi nauliza lile lile ninalowachosha nalo siku zote: sisi tulio nje ya vyumba vyao vya siri, tuliwekewa nini mezani?

Tarehe 29 Desemba 2016, siku ile ile Obama alipowatimua wanadiplomasia 35 wa Urusi, Wizara ya Usalama wa Ndani na FBI walitoa ripoti ya kurasa 13 kuhusu wizi huo. Karibu nusu yake ni mawaidha ya kulinda kompyuta, yale yale mnayopewa na fundi wa ofisini kwenu. Ikaambatana na orodha ya anwani za IP 876, yaani namba zinazotambulisha kompyuta mtandaoni, walizozihusisha na wadukuzi wa Kirusi. Namba kubwa hiyo, watu wakatishika! Wataalamu walipozipitia, wakakuta nyingi ni milango ya kutokea ya mtandao wa Tor, unaotumiwa na yeyote anayetaka kujificha. Mwizi kapanda daladala ya Mbagala asubuhi. Je, kila atakayekalia siti ile mchana ni mwizi?

Mnacheka. Basi sikieni la Burlington, jimbo la Vermont. Shirika la umeme la mji lilipekua mitambo yake kwa kutumia orodha hiyo, likakuta kompyuta mpakato moja iliyowasiliana na anwani mojawapo. Tarehe 30 Desemba gazeti la Washington Post likaandika kwamba Warusi wameingia kwenye gridi ya umeme ya Marekani. Gavana akasimama kumlaani Putin. Kumbe kompyuta yenyewe haikuunganishwa na gridi hata kidogo, na baadaye gazeti hilo hilo likaeleza kuwa mfanyakazi alikuwa anafungua tu barua pepe yake ya Yahoo. Yahoo, jamani!

Naona bwana mmoja huko nyuma anataka kuniambia nawatetea Warusi. Hapana, bwana wangu. Mtu anaweza kuwa mwizi kweli na polisi wakaleta ushahidi wa ovyo. Utaniambia pia majasusi hawawezi kuanika siri zao. Sawa, lakini Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, naye alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa Februari 2003 kuhusu silaha za Iraq, na hizo silaha hazikuonekana. Baada ya hapo, neno "tuna uhakika mkubwa" peke yake halinitoshi. Ripoti ya majasusi wa Marekani ya Januari 2017 kuhusu Urusi ilikuwa imejaa neno hilo, na kiambatisho chake kirefu kilizungumzia RT, televisheni ya serikali ya Urusi, tena kiliandikwa mwaka 2012!

Niharakishe, mwenyekiti ananikodolea macho. Julai 2018 ndipo Mueller, mwendesha mashtaka maalumu aliyechunguza suala hili, alipotoa hati ya mashtaka dhidi ya maofisa 12 wa GRU, ujasusi wa kijeshi wa Urusi: majina, vikosi namba 26165 na 74455, tarehe ya barua pepe ya mtego aliyotumiwa Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, malipo ya bitcoin. Hayo mtu wa nje anaweza kuyafuatilia, na mimi yalinishawishi. Ila yalikuja karibu miaka miwili baada ya kura, na washtakiwa hawajawahi kufikishwa mahakamani. Nilitaka kuigusa kesi ya uchaguzi wa rais ya Kenya ya 2017, Mahakama ya Juu ilipoagiza sava za matokeo zifunguliwe na tume ya uchaguzi isitii ipasavyo, lakini hilo halitatosha leo. Haya, ulizeni.