Grupu inasema kata, daktari anasema kemo kwanza

HALIMA: Haya karibuni tena, wale mnatusikiza kwa matatu, wale wako jikoni, na wale wako kwa foleni ya kliniki saa hii pia tunajua mko. Niko na Wanjiku kama kawaida.

WANJIKU: Niko, hamjambo nyote. Halima leo tusizunguke, ile meseji ya dada wa Umoja imenikalia tangu juzi, hebu isome tu tuanze nayo.

HALIMA: Sawa. Ametukubalia tuisome bila jina. Anasema hivi: "Nina miaka 41, nimeambiwa ni saratani ya titi, steji ya pili. Daktari anataka nianze kemo halafu upasuaji baadaye. Niko kwa grupu ya WhatsApp ya wamama wenye wamepitia, karibu wote wananiambia hapana, hiyo kitu itolewe kwanza, wao walitolewa kwanza na wako hai. Mwingine amenitumia picha ya majani ya mstafeli. Sasa namwogopa daktari, naogopa na grupu. Nifuate nani?"

WANJIKU: Pole sana mamangu. Aki pole. Na kwanza niseme, wale wamama wa grupu hawakutakii mabaya. Mimi nilipokuwa kwa kemo, zile dawa kali za kuua saratani, mtu wa kwanza kunishika mkono nikatulia alikuwa mama mwenye alikuwa amekaa kwa kiti cha pili, akaniambia ile dawa nyekundu ikiingia utaona mkojo umekuwa mwekundu na usishtuke si damu, ni rangi ya dawa. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hiyo! Kama si yeye ningeenda choo nipige nduru. Kwa hivyo mimi siwezi nikasema grupu ni mbaya, hapana.

HALIMA: Hakuna mwenye anasema hivyo. Lakini angalia huyo mama alikuambia nini. Alikuambia vile utajiskia, hakukuambia utumie dawa gani. Hiyo tofauti ndiyo nataka tukae nayo leo, ju nimefanya kazi wodini miaka na nimeona wanawake wakibadilisha matibabu kwa sababu ya voisinoti ya saa nne usiku.

WANJIKU: Enhe, sasa mweleze huyu dada kwa nini wao walikatwa kwanza na yeye anaambiwa kemo.

HALIMA: Tukisema saratani ya titi ni kama tunasema ugonjwa mmoja na si mmoja. Ukitolewa kile kinyama cha bayopsi, maabara inafanya kazi mara mbili. Ya kwanza inasema ni saratani ama si saratani. Ya pili, hiyo watu wanaiita IHC, inaangalia kama uvimbe unakula homoni, hapo ndio utaona ER na PR zimeandikwa, na pia kama una ile protini ya HER2 kwa wingi. Sasa kuna wenye homoni iko, hao watapewa vidonge kama tamoxifen, miaka mitano na wengine hadi kumi. Kuna wa HER2, hao wana sindano yao ya Herceptin. Na kuna wale hawana hata moja kati ya hizo tatu, wanaitwa triple negative, hao kwa kawaida kemo ndiyo nguzo yao. Wanawake watatu kwa benchi moja, umri mmoja, steji moja, na kila mtu na njia yake.

WANJIKU: Na kwa grupu wote wanajiita tu "tuna ya titi".

HALIMA: Hapo ndipo shida inaanzia. Kuanza na kemo kabla ya kisu si ati daktari amekata tamaa ama anachelewesha. Ilishapimwa kwa majaribio makubwa, dawa zile zile zikipewa kabla ama baada ya upasuaji, kwa ujumla wanawake waliishi sawa. Lakini ukianza na kemo unapata vitu viwili zaidi, uvimbe unaweza kupungua hadi mtu mwenye angetolewa titi lote akatolewa tu sehemu, na daktari anaona kwa macho kama hiyo dawa inafanya kazi. Na kwa HER2 na triple negative mara nyingi ndivyo wanaanza, ju kile kinabaki wakati wa upasuaji kinawaambia kama kuna dawa ya kuongeza baadaye. Ukikatwa kwanza hiyo habari umeipoteza.

WANJIKU: Kwa hivyo dada wa Umoja, swali la kwanza si nifuate nani. Swali ni, IHC yangu imesema nini? Kama hujaiona iitishe, ni haki yako, piga picha uweke kwa simu. Na kama bado haijatoka, uliza kama mpango wa matibabu unaweza kungoja itoke. Hizo siku chache mara nyingi hazikuumizi, kungoja miezi ukikunywa majani ndiyo inaumiza.

HALIMA: Wacha nitoke nje kidogo. Mnajua hata hii haki ya kungoja ilipiganiwa? Zamani huko Marekani mwanamke alikuwa analazwa kwa bayopsi, anapewa usingizi, wakipata ni saratani wanakata titi papo hapo bila kumwamsha. Unalala na uvimbe, unaamka huna titi, na hakuna mtu alikuuliza. Kulikuwa na mwandishi wa habari, Rose Kushner, alipata saratani 1974, akakataa katakata kufanyiwa hivyo, akaanza kuandika na kusumbua madaktari kwa mikutano yao. Mwaka wa 1979 wataalamu wa taasisi ya afya ya serikali huko wakakaa, na yeye ndani ya hiyo kamati, wakasema bayopsi iwe siku yake na matibabu siku yake, ili mwanamke apate muda wa kuamua.

WANJIKU: Mgonjwa!

HALIMA: Mgonjwa. Si daktari. Lakini ona, hakuwaambia wanawake tumieni hii msitumie ile. Alisema waambieni, halafu wawache wachague.

WANJIKU: Hiyo imenifurahisha kabisa. Sasa hebu tuingie kwa hii ya kutoa lote ama kutoa sehemu, ju kwa grupu hiyo ndiyo vita kila wiki. "Toa lote ulale na amani."

HALIMA: Naelewa hiyo hofu. Lakini 2002 yalitoka majibu ya majaribio mawili, ya Veronesi kule Milan na ya Fisher Marekani, waliwafuatilia wanawake miaka 20. Wenye uvimbe wa mapema wakitolewa sehemu halafu wapigwe mionzi, waliishi sawa na wale walitolewa titi lote. Sawa kabisa. Ile inaweza kurudi kwa titi lenyewe ni kidogo zaidi kwa wenye wamebakishiwa, hiyo ni kweli na lazima isemwe, lakini kuishi ni sawa.

WANJIKU: Lakini Halima hapo kwa "halafu wapigwe mionzi" usipite mbio. Hapo ndipo maisha ya Nairobi na maisha ya karatasi yanaachana. Mionzi ni kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tatu kuendelea kulingana na mpango wako. Sasa mtu ametoka Kitui ama Homa Bay, mashine ziko Nairobi na miji mingine michache, atalala wapi? Kwa shemeji Pipeline, nyumba ya chumba kimoja, watoto wanne? Ngozi imeungua, hutaki kuguswa, na lazima upande matatu asubuhi. Kuna wamama wamechagua kutolewa lote kwa sababu ya nauli na mahali pa kulala, na mimi siwalaumu hata kidogo. Huo ni uamuzi na una akili ndani yake. Kile sitaki ni mtu achague hivyo akidhani ati ndiyo ataishi zaidi.

HALIMA: Na hata ukitoa lote kuna wenye bado wanahitaji mionzi, kama uvimbe ulikuwa mkubwa ama umefika kwa tezi za kwapani. Uliza kabla.

WANJIKU: Hapo ndipo sasa grupu ni dhahabu. Uliza grupu, nikikaa Nairobi mwezi nakaa wapi? Ile foleni ya Hospitali ya Kenyatta naenda saa ngapi? Ya KUTRRH, ile hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, ikoje? SHA, hii bima ya afya ya serikali, wanataka karatasi gani ndio watoe idhini? Daktari hajui stejini huko Githurai matatu inajaa saa ngapi, mwenzako anajua.

HALIMA: Ya SHA tuseme kidogo. Ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 kiwango cha saratani kilianza na shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na ukimaliza hiyo kuna 150,000 ya mfuko wa magonjwa sugu. Kwa familia, si kwa mtu. Hizi nambari zinabadilishwa kwa hivyo thibitisha pale kaunta kabla hujapanga. Na wale wa HER2, Oktoba 2025 serikali na Roche walitangaza Herceptin imeshuka kutoka kama 120,000 hadi 40,000 kwa awamu moja na SHA ndiyo inalipa, kwa hospitali zenye zimeteuliwa. Hiyo dawa ni kila wiki tatu karibu mwaka mzima, so uliza hospitali yako kama iko kwa hiyo orodha.

WANJIKU: Sasa mstafeli.

HALIMA: Nitasema polepole. Majani ya mstafeli yameonyesha kitu kwa seli za maabara, kwa sahani. Kwa wanawake wenye saratani ya titi hakuna jaribio limeonyesha yanaponya. Na mstafeli ukitumika sana umehusishwa na shida za neva, na wewe tayari unaweza kupewa paclitaxel, dawa ya kemo yenye inaweza kufanya vidole viwe na ganzi. Kama unakunywa, mwambie daktari, hata kama atakununia. Usimfiche.

WANJIKU: Na maombi omba, mimi niliomba kila siku na bado naomba. Mungu na kliniki hawajawahi kugombana.

HALIMA: Kabisa. Kuna kitu kingine kwa grupu kinanikosesha usingizi. Mtu anaandika "niko na homa tangu usiku, nilimaliza kemo wiki iliyopita", na watu wanajibu kunywa Panadol mama, pumzika, jipake barafu. Jamani! Kemo inashusha chembe nyeupe za damu, zile zinapigana na maambukizi. Homa ya 38 na zaidi hapo ni dharura, unaenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, unasema kwa mlango mimi niko kwa kemo. Naomba kila mwenye anaongoza grupu abandike hiyo juu kabisa.

WANJIKU: Niko na yangu pia. Watu husema grupu itakufanya uishi zaidi.

HALIMA: Hiyo ina historia. 1989 daktari Spiegel kule Marekani alitoa utafiti, wanawake wenye saratani imesambaa waliokuwa wakikutana kwa kikundi waliishi muda mrefu zaidi. Dunia ikashangilia. Halafu 2001 wakajaribu tena Kanada na wanawake 235, hawakuishi zaidi. Na Spiegel mwenyewe akarudia baadaye hakupata ile ya kwanza. Lakini wale wa Kanada, wenye walikuwa na huzuni na maumivu zaidi kikundi kiliwapunguzia.

WANJIKU: Hiyo inanitosha. Kweli inanitosha. Ju ukiambia watu grupu inaongeza maisha, sasa yule amekufa tuseme hakuhudhuria vizuri? Kwa grupu yetu tulipoteza mmoja, alikuwa ndiye anatuma salamu kila asubuhi. Ile siku hakuna mtu aliandika. Kimya mpaka jioni, kila mtu akijiuliza ni mimi nafuata. Mwishowe mmoja akasema tupatane kanisani tukae, si kwa simu, tukae. Tukalia, tukakula, tukamtaja jina, na mmoja akauliza waziwazi yake ilikuwa ya aina gani na ilikuwa imefika wapi, tukajua yake na zetu si moja. Ingebaki kwa simu tungekuwa bado tunaogopana.

HALIMA: Na kwa mambo kama hayo kuna watu wamesomea. Faraja Cancer Support Trust wako hapa Nairobi tangu 2010, wana ushauri nasaha. Nairobi Hospice iko hapo ndani ya kiwanja cha Hospitali ya Kenyatta tangu 1990, na usiogope jina, wanasaidia na maumivu hata mtu akiwa bado anatibiwa.

WANJIKU: Kuna yule mama wa New York ulikuwa umeniambia, wa mpira.

HALIMA: Terese Lasser, 1952. Alitolewa titi, akapona, akaanza kutembelea wenzake wodini na mpira na kamba za kufanyia mkono mazoezi, na titi la muda la kuweka ndani ya sidiria. Ikawa Reach to Recovery, ikaenea nchi nyingi. Na sheria yao kwa wenye wanatembelea ilikuwa, usitoe ushauri wa dawa. Ongea ya mkono, ya nguo, ya bwana, ya kulala. Dawa ni ya daktari.

WANJIKU: Basi dada wa Umoja nakuambia hivi. Grupu usitoke, baki. Lakini kesho uliza hao wamama swali lingine, waulize kila mtu IHC yake ilisema nini. Utashangaa wenye hawajui. Halafu enda kwa daktari na mtu mmoja wa kuandika, si watano, muulize yangu ni ya aina gani, kwa nini kemo kwanza, ikikataa kupungua tutafanya nini, nitahitaji mionzi ama la. Na kwa miaka 41, kama bado unataka mtoto ama hujui, sema kabla ya sindano ya kwanza, ju kemo inaweza kugusa hiyo na baada hapo umechelewa.

HALIMA: Na ukitaka daktari wa pili aangalie, beba ripoti zako uende, hakuna kosa hapo. Daktari mzuri hakasiriki.

WANJIKU: Ukishapata hiyo ripoti tuandikie, tutakujibu nje ya kipindi. Wiki ijayo tunaongea na mabwana, wale wanabaki kwa korido, kama uko na swali lao litume kabla ya Jumanne.